Lawama ya Mchezaji na Lawama ya Kanuni

Limezuka katika mazungumzo ya siku hizi neno moja ambalo zamani lilikuwa jina la kitu, na sasa limepata tabia za mtu. Neno hilo ni mfumo. Mzazi aendapo ofisini kuuliza kwa nini jina la mwanawe halimo katika orodha, hujibiwa kuwa mfumo umelikataa. Akiuliza ni nani aliyempeleka mtoto shule ya mbali hali iko shule jirani, huambiwa mfumo ndio uliompanga. Mfumo hukubali, hukataa, husumbua, na mara nyingine husemekana kuwa umelala. Sarufi haina neno la kuzuia jambo hili, kwa kuwa mti huanguka na mto hufurika bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Lakini mti hauchagui wa kumwangukia. Kukataa kwataka nia, na nia yataka mwenye nia, na mwenye nia huyo ndiye aliyefichwa nyuma ya kiima cha sentensi. Kazi ya mwalimu wa lugha ni kumtafuta.

Nimeanza hapo kwa sababu nakusudia kugombana na rai mbili zilizoenea katika idara zetu. Rai ya kwanza husema kuwa algorithimu ni mambo ya wanahisabati na mafundi wa kompyuta, na mtu wa fasihi aingiaye humo ni sawa na mvuvi aliyekwenda shamba kulima kwa nyavu. Rai ya pili ni kongwe zaidi, na kwa hiyo ina nguvu zaidi: kwamba watu wanapodanganya, wanapojipenyeza na wanapojipendelea, dawa yao ni kufundishwa adili. Walioshika rai hii ya pili ni wengi, na baadhi yao ni walimu walionifundisha. Nawaheshimu, walakini heshima si sababu ya kunyamaza. Kwa maoni yangu rai zote mbili ni kosa moja lenye nyuso mbili, maana kila moja huiacha kanuni bila ya kuisoma.

Kwanza neno lenyewe. Algorithimu si mgeni aliyetoka mbali sana na pwani yetu. Ni jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, lililopotoshwa na waandishi wa Kilatini waliofasiri kitabu chake cha kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi. Maana yake leo ni utaratibu wa hatua kwa hatua, ambao ukifuatwa na mtu yeyote, au na chombo, huleta jawabu lile lile. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu chake kingine, kile cha aljebra, ni masuala ya wasia na mirathi: baba amefariki, ameacha mke, wana na deni, je, nani apate fungu gani? Tangu asili yake, basi, elimu hii iliwahusu watu wenye kugombania kitu kimoja. Asemaye kuwa ni elimu ya vyombo hajapata kuhudhuria mgawanyo wa urithi.

Nadharia ya michezo ni changa kuliko hiyo. Aghalabu huhesabiwa kuanza katika kitabu cha John von Neumann na Oskar Morgenstern cha mwaka 1944, na mchezo, kwa maana yao, ni shauri lolote ambalo kile nitakachokipata mimi hutegemea pia utakalolifanya wewe. Katika Kiswahili neno hili huweza kutupoteza, kwa kuwa mchezo twaudhania upuuzi. Lakini mtu aambiwapo "usinichezee" hapana asiyeelewa kuwa hapo pana jeraha. Mwaka 1950 John Nash alithibitisha kuwa michezo ya namna nyingi sana ina mahali pa kutulia, yaani hali ambayo hakuna mchezaji apataye faida kwa kubadili nia yake peke yake. Mahali hapo nitapaita mizani. Kwa miaka kama 50 wanauchumi waliridhika kujua kuwa mizani iko. Ndipo walipotokea wanahisabati wa algorithimu wakauliza maswali mawili ambayo hata mtoto angeuliza: kufika hapo kwachukua muda gani? Na tukifika, tumepungukiwa na nini?

Miongoni mwa waliouliza swali la pili ni Éva Tardos. Alizaliwa Budapest mwaka 1957, akapata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd mwaka 1984, na tangu mwaka 1989 amekuwa katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Sifa yake ya kwanza ilitokana na algorithimu aliyoitoa mwaka 1985 ya kupitisha mizigo katika mtandao wa njia kwa gharama ndogo kabisa, kazi iliyompatia Tuzo ya Fulkerson mwaka 1988. Mzigo ni kitu kitiifu: ukiambiwa upite kushoto hupita kushoto. Baadaye, pamoja na Tim Roughgarden aliyekuwa mwanafunzi wake, aliuliza jambo likuwaje ikiwa mzigo una akili, na kila kipande cha mzigo chajichagulia njia yake.

Fikiri, msomaji, mji wa Mwanzo na mji wa Mwisho, na magari 4,000 yatakayo kutoka huu kwenda ule asubuhi moja. Njia ni mbili. Ya kwanza hupita kituo cha Kaskazini: kipande chake cha awali ni daraja jembamba, ambalo kila magari 100 yapitayo huongeza dakika 1 ya safari, na kipande cha pili ni barabara pana ya dakika 45, yawe magari mengi au machache. Njia ya pili hupita kituo cha Kusini, na mambo yake ni kinyume: kwanza barabara pana ya dakika 45, kisha daraja jembamba. Magari yatajigawa 2,000 huku na 2,000 huku, na kila dereva atasafiri dakika 20 na dakika 45, jumla 65. Sasa serikali yenye nia njema yajenga barabara fupi sana toka Kaskazini hadi Kusini, isiyochukua muda wa kuhesabika. Kila dereva huona kuwa daraja, hata likijaa magari yote 4,000, ni dakika 40, nazo ni pungufu ya 45. Basi wote hupita daraja la kwanza, hukata kwa barabara mpya, na hupita daraja la pili: 40 na 40, jumla 80. Barabara imeongezwa na safari imerefuka kwa dakika 15. Tena hakuna awezaye kujiokoa peke yake, maana akirudia njia ya zamani hali wenzake wako kwenye daraja, atatumia dakika 85.

Kitendawili hiki kilionyeshwa na Mjerumani Dietrich Braess mwaka 1968. Nawauliza wahubiri wa adili: katika habari hii mkosefu ni nani? Hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyempita mwenzake kwa ujeuri, wala aliyetoa rushwa, wala aliyevunja sheria ya njiani. Kila dereva alifanya lile ambalo mzazi mwema humfundisha mwanawe, yaani kutazama, kupima na kuchagua lenye manufaa. Mkiwakusanya madereva hawa 4,000 na kuwasomea wasia wa siku nzima juu ya upole na uvumilivu, kesho yake watasafiri kwa upole na uvumilivu, dakika 80.

Roughgarden na Tardos walitoa kazi yao mwaka 2000 katika mkutano wa wataalamu, na mwaka 2002 katika jarida. Walithibitisha kuwa katika mtandao wowote, uwe na njia kumi au laki, ikiwa ucheleweshaji hukua sawasawa na wingi wa magari, hasara itokanayo na kila mtu kujichagulia haitapita theluthi moja. Mahali ambapo mpangaji mwenye hekima yote angetumia jumla ya saa 3, watu wenye kujitakia lao hawatatumia zaidi ya saa 4. Swali la uwiano huu lilikuwa limefunguliwa na Wagiriki wawili, Elias Koutsoupias na Christos Papadimitriou, mwaka 1999. Kwa Kiingereza uwiano wenyewe ulipewa jina lenye kutisha kidogo, la bei ya kukosa utawala. Mimi huuita gharama ya kila mtu na lake. Mwaka 2012 Tuzo ya Gödel iligawiwa watu sita kwa kazi za namna hii: hao Wagiriki wawili, Roughgarden na Tardos, pamoja na Noam Nisan na Amir Ronen.

Nalipenda jawabu hili kwa sababu huwakera watu wa pande mbili kwa pamoja. Wako wasemao, tangu Adam Smith alipotoa kitabu chake mwaka 1776, na pengine kwa kumzidishia maneno ambayo hakuyasema, kuwa kila mtu akijitafutia lake mji utaneemeka wenyewe. Hao waambiwe kuwa theluthi yaweza kupotea katika mji wa watu werevu na waungwana, na kwamba ambako ucheleweshaji hupanda kwa ukali zaidi hasara haina dari. Wako na wasemao kuwa pasipo mkubwa wa kuamuru kila hatua, watu watakula nyama zao. Hao nao waambiwe kuwa katika njia za namna ile hasara haipiti theluthi, na wajiulize kama maofisa watakaowekwa kila njia panda hawatagharimu zaidi ya hiyo. Mpenda hoja za kelele hawezi kupiga ngoma kwa jawabu lenye sehemu na masharti. Lakini hesabu ndivyo isemavyo.

Na swali la kwanza, lile la muda? Mwaka 2006 Constantinos Daskalakis, Paul Goldberg na Papadimitriou walionyesha kuwa kuitafuta mizani ya Nash ni kazi iliyo katika kundi la matatizo magumu ambayo hapana ajuaye njia ya haraka ya kuyafungua yote. Muda si muda ikajulikana kuwa ugumu huo upo hata wachezaji wakiwa wawili tu. Yaani mahali pa kutulia papo, bali kompyuta yenyewe yaweza kuchelewa mno kupaona. Aambiaye watu wasubiri, kwamba soko litajitengeneza, ni haki kumwuliza lini.

Sasa nirudi nyumbani kwetu, katika fasihi. Tangu Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi wa wasia mwaka 1858, na kabla yake, kalamu ya Kiswahili imekuwa hodari wa kumwonya mtu. Twaonya kijana, twaonya mke, twaonya tajiri, twaonya mlevi. Siudharau urithi huo, nami naufundisha kila mwaka. Lakini umetuzoesha kuona kuwa kila baya lina mtu mbaya ndani yake, na hadithi ikiisha mbaya huyo huaibika na jambo likaisha. Shaaban Robert mwenyewe, ambaye watu humtaja kama mfalme wa adili, aliona mbali kuliko wafuasi wake: katika Kusadikika, mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria. Si kwa kuwaonya watu wawe wema, bali kwa kutaka wazijue sheria zinazowatawala. Nashangaa kwamba tumekisoma kitabu hicho kwa miaka mingi na bado tukimaliza twauliza wanafunzi kuhusu tabia za wahusika.

Nitatoa mfano ambao ndani yake mna uongo hasa, ili nisiambiwe kuwa nimechagua mfano wa madereva wasio na hatia.

Mjini Boston, Marekani, kuanzia mwaka 1999, wazazi waliandika shule wazitakazo kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila shule ilikuwa na utaratibu wa nani atangulie: mwenye ndugu shuleni, mkaazi wa jirani, kisha bahati nasibu. Kanuni ya kugawa ilikwenda hivi. Katika duru ya kwanza kila shule hutazama wale tu walioiandika ya kwanza, huwachukua kwa kufuata utaratibu wake, na nafasi iliyotolewa imetolewa kabisa. Waliokosa huingia duru ya pili, wakagawiwa nafasi zilizosalia katika shule walizoziandika za pili, na kuendelea hivyo. Ukiisoma kwa haraka, kanuni hii ni ya haki tupu. Isome polepole. Tuseme shule ni tatu, Mlimani, Bondeni na Pwani, kila moja ina nafasi moja, na watoto ni Asha, Juma na Neema. Asha huitaka Mlimani kwanza, kisha Bondeni. Juma vile vile. Neema huitaka Bondeni kwanza, kisha Mlimani. Pwani haipendwi na mtu. Mlimani humtanguliza Juma, na Bondeni, iliyo jirani na kwao Asha, humtanguliza Asha. Wazazi wote waandike kweli. Duru ya kwanza, Mlimani yamchukua Juma, na Bondeni, iliyoandikwa ya kwanza na Neema peke yake, yamchukua Neema. Duru ya pili Asha aja Bondeni, shule ambayo yeye ndiye wa kutangulizwa, akuta mlango umefungwa. Anakwenda Pwani. Lau mama yake angaliandika uongo, kwamba aipendayo kuliko zote ni Bondeni, angaliipata.

Methali husema njia ya mwongo ni fupi. Mjini Boston ilikuwa fupi kweli, maana mwongo alifika kabla ya msema kweli.

Wazazi waliokuwa na nafasi waliijua siri hii. Kulikuwako kikundi cha wazazi kilichokuwa kikikutana kushauriana ni shule gani hujaa duru ya kwanza, na ni ipi nzuri lakini ina pengo, ili waiandike hiyo ya kwanza. Siwalaumu, mzazi akifungiwa mlango hupita dirishani. Bali mfikirie mama afanyaye kazi mbili, asiye na saa ya kwenda mkutanoni, aliyeamini karatasi ya serikali ilipomwambia aandike ayapendayo. Huyo aliandika ayapendayo. Dau la mnyonge haliendi joshi. Na liko baya zaidi ya hilo: maofisa walipotoa taarifa, ilionekana kuwa wazazi wengi wamepata chaguo lao la kwanza. Bila shaka! Waliokuwa na hofu walikuwa wamekwisha kulibadili chaguo lao la kwanza kabla ya kuliandika. Takwimu ilipima hofu, ikaiita furaha.

Mwaka 2003 Atila Abdulkadiroğlu na Tayfun Sönmez walichapisha uchunguzi wao wa kanuni hii, na Julai 2005 kamati ya shule za Boston ikaiacha. Badala yake ilichukua kanuni iliyotokana na makala ya David Gale na Lloyd Shapley ya mwaka 1962. Tofauti yake ni neno moja: nafasi haitolewi kabisa, huwekwa kwa muda. Mtoto akataliwaye na shule yake ya kwanza huiendea ya pili, nayo shule huwatazama upya wote walioijia, wa jana na wa leo, ikawashika wanaotangulia na kuwaachia wengine waende mbele. Hakuna asiyetazamwa kwa sababu amechelewa. Katika mfano wetu Asha akikataliwa Mlimani huja Bondeni na kumtoa Neema. Neema hupoteza, sikatai. Lakini nafasi aliyoipoteza aliipata kwa sababu tu msema kweli aliadhibiwa. Na chini ya kanuni hii imethibitishwa kuwa hakuna mtoto awezaye kujifaidia kwa kuandika lisilo moyoni mwake. Mjini New York, ambako kanuni ya ukoo huo huo ilianza kutumika kwa walioingia shule za juu mwaka 2004, wanafunzi wapatao 30,000 walikuwa wakipelekwa kila mwaka shule ambazo hawakuziandika kabisa. Mwaka wa kwanza wa kanuni mpya walikuwa kama 3,000.

Watu wa Boston hawakubadilika tabia kati ya Juni na Agosti ya mwaka 2005. Hawakuhubiriwa. Yule mama mwenye kazi mbili hakupewa saa zaidi. Lililobadilika ni aya chache za maandishi.

Hapo huja pingamizi ambalo nimelisikia mara nyingi, na wenye kulitoa hulitoa kwa uchungu wa kweli: kwamba hisabati hii humchukua mwanadamu kuwa ni mbinafsi, na kwa kumchukua hivyo humfundisha ubinafsi. Fundi aezekaye nyumba hudhani mvua itanyesha. Sijasikia mtu akimshtaki kuwa anaiombea mvua. Kanuni iliyotungwa kwa kudhani kuwa wote ni wakweli huvuja siku ya kwanza, na maji yake humwagikia yule yule aliyekuwa mkweli. Mwerevu amekwisha kuhama chumba. Wenye kudai kwamba wanalinda utu kwa kukataa kuwazia ubinafsi wamewaacha wenye utu nje bila ya paa.

Sisemi kuwa hesabu imemaliza kazi. Kanuni ya Gale na Shapley haizai shule. Ikiwa nafasi njema ni 100 na watoto ni 1,000, watoto 900 watakosa kwa haki badala ya kukosa kwa dhuluma, na huo ni ushindi mdogo ambao mwanasiasa asiruhusiwe kuushangilia. Tena mwaka 1982 Alvin Roth alionyesha kuwa pande zote mbili zinapochagua, kama vile waajiri na waajiriwa, hakuna kanuni ya kuwaoza kwa uthabiti ambayo huufanya ukweli uwe na faida kwa wote. Na katika uchaguzi wa kura Allan Gibbard mwaka 1973, na Mark Satterthwaite mwaka 1975, walithibitisha jambo chungu: wagombea wakiwa watatu au zaidi, na kila mmoja akiwa na njia ya kushinda, hakuna kanuni isiyotoa mwanya kwa mpiga kura mwongo, isipokuwa ile ya kumfuata mtu mmoja tu. Haya ni mipaka, na elimu ionyeshayo mipaka yake kwa uthibitisho yastahili kuaminiwa zaidi kuliko hotuba.

Kwa nini basi nasema kuwa haya yote ni kazi ya idara ya Kiswahili? Kwa sababu kanuni ni maandishi. Makala ya Gale na Shapley yana kurasa 7, na uthibitisho wake umeandikwa kwa maneno ya kawaida, bila milinganyo. Waandishi wenyewe walilitaja jambo hilo mwishoni, wakisema kuwa hisabati haikai katika alama. Ni kisa cha watu waposao na wakataliwao, chenye mwanzo na mwisho. Mwanafunzi awezaye kufuata utenzi wenye beti elfu, akajua nani alisema nini na kwa nani, hawezi kushindwa na kurasa hizo. Ustadi utakiwao ni ule ule tuufundishao: kusoma polepole, kuuliza neno "kabisa" limewekwa hapa kwa nini, na kumtafuta asiyetajwa.

Wala si kwamba mambo haya yako Boston tu. Nchini Tanzania wahitimu wa kidato cha nne hutaja tahasusi na vyuo wavitakavyo. Nchini Kenya wahitimu wa sekondari hupanga kozi za chuo kikuu, na kompyuta ndiyo igawayo. Kila mwaka wazazi huja kwetu, kwa kuwa tu walimu, wakauliza mtoto aandike nini kwanza. Swali hilo lenyewe ni ushahidi. Mzazi aulizaye "aandike nini" badala ya kumwuliza mwanawe "wapenda nini" amekwisha kuhisi kuwa kuna mchezo. Ana haki ya kujibiwa kwa lugha yake: kanuni ni hii, hatua zake ni hizi, walioitunga ni hawa, na mwanao akiandika la moyoni hatadhurika, au atadhurika kwa njia hii. Jibu la namna hiyo haliandikwi na fundi wa kompyuta. Huandikwa na mtu ajuaye kuandika, aliyeketi na fundi mpaka akaelewa.

Mwaka huu nimewapa wanafunzi wangu wa insha kazi ya kuziandika kanuni mbili za Boston, kila moja kwa ukurasa mmoja, kila kitenzi kiwe na mtendaji wake, na asomewaye akiwa mtu aliyeishia darasa la saba aweze kuonyesha kwa kidole mahali ambapo uongo hulipa. Wenzangu waliniambia lugha haina istilahi. Istilahi zilizohitajika zilikuwa nafasi, zamu, chaguo, kutangulia, kushika na kuachia, na zote zilikuwapo kabla sijazaliwa. Lililotushinda ni moja. Wataalamu wana neno la Kiingereza kwa kanuni ambayo mchezaji hawezi kufaidika kwa kuificha nia yake, na tafsiri yake ya neno kwa neno haina ladha wala maana. Mwanafunzi mmoja alipendekeza kanuni isiyochezeka. Mimi nimeanza kulitumia. Mwenye neno bora na alilete katika kurasa hizi, tuliweke mezani kabla wengine hawajatuletea la kwao.